Kumpeleka mbwa baharini Dar es Salaam: saa, ufukwe na yanayoharibika

Ukitafuta Dar es Salaam bustani ya umma iliyozungushiwa uzio kwa ajili ya mbwa, yenye kidimbwi na mabomba ya kurushia maji kama zilivyo bustani za mbwa za Marekani, utazunguka bure kuanzia Posta mpaka Tegeta. Tulicho nacho ni bahari. Ni kubwa na mahali pengi haina kiingilio, ila haina geti wala mtu wa kukuambia leo usiingie. Kazi ya kupanga ni yako mwenyewe, na mabalaa mengi yanayowapata mbwa ufukweni hapa mjini huletwa na saa mbaya kuliko mahali pabaya. Coco Beach ya Jumanne saa 12 na nusu asubuhi ni uwanja mzuri wa mbwa. Coco Beach hiyohiyo Jumapili saa 11 jioni ni mahali pa kutafutia kesi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uende wapi, pima mambo matatu kwa pamoja: jua, maji na watu.

Jua

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anapunguza joto kwa kuhema, na kuhema kunasaidia hewa ikiwa kavu. Unyevu wa Dar, hasa Desemba hadi Machi, unaifanya kazi hiyo kuwa ngumu hata kivulini. Mpango unaofaa mwaka mzima ni kufika ufukweni jua linapochomoza, kati ya saa 12 na saa 12 na nusu, na kuwa umeshaondoka saa 2 na nusu. Juni hadi Agosti unaweza kujiongezea nusu saa. Kabla ya kumshusha kwenye gari, weka mgongo wa kiganja chako juu ya mchanga mkavu kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Lami ya maegesho ipime hivyohivyo, maana huwa na moto kuliko mchanga.

Mbwa wenye pua fupi, kama bulldogi na pagi, wapeleke alfajiri tu na usiwakimbize. Hao hushindwa kuhema vizuri hata wakiwa wamesimama.

Maji

Hapa ndipo wafugaji wengi hawaangalii. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kwenye ufukwe tambarare hizo mita 3 ni umbali mrefu sana wa kutembea: bahari iliyokuwa inagonga ukuta jana jioni, leo asubuhi iko kule, na katikati kuna mwani, matope na matumbawe yanayokata nyayo.

Programu za simu za kuonyesha maji zipo na zinafaa, lakini kwa picha ya jumla kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye, yaani karibu na tarehe 2 na 3, kisha 16 na 17. Maji mafu, yaani siku ambazo hayajai sana wala hayapwi sana, huja karibu na tarehe 8 hadi 10, kisha 23 hadi 25. Sasa tia saa. Siku za bamvua hapa Dar maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: asubuhi maji yanapanda taratibu kuelekea saa 4.

Hesabu hiyo inamhusu mbwa moja kwa moja. Maji hayatoki kwa kasi moja muda wote. Huenda mbio zaidi katika saa ya tatu na ya nne tangu yalipojaa. Ukifika asubuhi ya bamvua saa 12 na nusu umelikuta hasa lile dirisha baya, maji yanavuta kwenda nje. Hatari zaidi iko kwenye midomo ya mito na kwenye mapengo ya mwamba, ambako maji yote yanatafuta njia moja. Mbwa mwenye nguvu atapambana akachoka. Mbwa mgeni ataelea tu aende nayo. Kwa hiyo wiki ya maji mafu ndiyo ya kumfundishia mbwa kuogelea, na asubuhi za bamvua ziache kwa matembezi ya mchangani na kuchezea maji ya kifundo cha mguu.

Upepo nao una sauti yake. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili na kuendelea, mawimbi huwa makubwa zaidi na mwani hurundikana ufukweni. Mwani uliooza una ndoana, vipande vya nyavu na mabaki ya samaki ndani yake, na mbwa hupenda kuufukua. Mpitishe mbali.

Watu

Waislamu wengi wa mji huu hufuata madhehebu ya Shafi. Kwa madhehebu hayo, mbwa mkavu akimpitia mtu mkavu hakuna neno. Mbwa aliyelowa akimgusa mtu au nguo yake, au matone yake yakamrukia, mtu huyo ana kazi ya kujisafisha mara saba, moja kwa udongo, kabla ya kuswali. Na jambo la kwanza analofanya mbwa akitoka majini ni kujikung'uta. Huanza kichwani, masikio yakipigana, mtikiso ukashuka mabegani, mgongoni, ukamalizikia kwenye mkia, na matone huruka mita mbili au tatu kila upande. Aliyesimama karibu na kanzu nyeupe anasubiri nini?

Dawa yake ni hii: usimtoe mbwa moja kwa moja hadi nchi kavu. Msimamishe kwenye maji ya kifundo cha mguu, kichwa kikielekea baharini, legeza kamba, kaa kimya. Mbwa hujikung'uta akishapata pa kukanyaga na kamba ikiwa haimkazi. Subiri mara ya kwanza, kisha ya pili, maana ya pili karibu kila mara ipo. Baada ya hapo ndipo mtoke, na hata hivyo kaa mita 10 au zaidi kutoka kwa watu mpaka umfute kwa taulo. Ikitokea matone yamemfikia mtu, omba radhi kwanza na umpe maji safi ya dumu lako ajisafishe anavyojua. Usianze kueleza kwamba mbwa wako anaoga kwa sabuni kila wiki; hilo halihusiani na jambo lenyewe.

Kuna na woga wa kawaida. Watoto wengi wa Dar wanamjua mbwa kama kiumbe cha nyuma ya geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali". Wakimwona wanakimbia, naye akiona kinachokimbia anafukuza. Ukiona watoto mita 20 mbele, fupisha kamba, mkalishe mbwa chini, wapite. "Hang'ati huyu" ni maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyaamini. Mgambo au mlinzi wa eneo akisema mwondoe, mwondoe, kesho ipo.

Siku za kuepuka kabisa ni Jumamosi na Jumapili jioni, sikukuu za Idi, Krismasi, Pasaka na Mwaka Mpya.

Wapi basi

Coco Beach, pale Oysterbay kando ya Barabara ya Toure, ni karibu kwa wakazi wa Kinondoni lakini si laini. Sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe wenye mabaka ya mchanga, na maji yakijaa siku za bamvua mchanga wa kukanyaga unabaki mwembamba. Tafuta baka la mchanga ambapo unaweza kuona chini ya maji. Taka za jana usiku ni tatizo la pili: vijiti vya mishikaki, magunzi ya mahindi, chupa zilizovunjika, mifupa ya kuku. Kijiti kina mafuta ya nyama, mbwa hukimeza kizima na kinaweza kutoboa tumbo. Gunzi huziba utumbo na kuishia kwenye upasuaji. Wachuuzi na wafagiaji huanza kusafisha asubuhi, kwa hiyo tembea mwenyewe eneo la kuchezea kabla ya kumfungua mbwa.

Kigamboni ni bora kwa mbwa anayejifunza. Kuanzia Mjimwema kwenda kusini kuna fuo ndefu za mchanga zinazoshuka taratibu, na siku za kazi hazina watu. Pita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, uandae pesa ya kuvukia. Pantoni ya Magogoni asubuhi ina msongamano mkubwa. Kumbana mbwa katikati ya miguu ya watu na mizigo ni kutafuta kung'atana. Fuo nyingi za huko ziko mbele ya hoteli au viwanja vya watu, kwa hiyo muulize mlinzi kwanza, tena ukiwa umemwacha mbwa kwenye gari na mwenzako. Ukienda mbali zaidi kusini, kumbuka kwamba kasa hutaga kwenye fuo hizo. Mbwa huyanusa mayai na kuyafukua, kwa hiyo huko hafunguliwi kamba, na haendi usiku.

Kigamboni pia kuna mbwa koko wanaotembea kwa makundi. Usikimbie. Mweke mbwa wako nyuma yako, kamba fupi, kisha iname kama unayeokota jiwe. Karibu kila mbwa koko wa mji huu anaijua ishara hiyo na atarudi nyuma hata kama hukuokota kitu. Rudi kinyumenyume.

Mbezi Beach, Kunduchi, Ununio na Mbweni zina mchanga mzuri uliochanganyika na mikoko na matope. Epuka sehemu zilizo karibu na diko, pale wavuvi wanapopakua, kwa sababu tutakayoieleza chini. Bongoyo na Mbudya ziache. Visiwa hivyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, na mbwa hana kazi kule.

Midomo ya mito ni marufuku mwaka mzima, si kwa mkondo tu. Msimbazi unamwaga karibu na Daraja la Selander na Mlalakuwa upande wa Kawe, yote ikiwa imepita katikati ya mitaa yenye vyoo na taka. Baada ya mvua kubwa za masika au vuli, subiri angalau siku 3 hata kwenye fuo zilizo mbali na mito. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, rudini nyumbani. Madimbwi ya mvua kandokando ya ufukwe ni mabaya kuliko bahari yenyewe, kwani mkojo wa panya hukaa humo na kuleta leptospira, bakteria wanaoharibu ini na figo za mbwa na wanaoambukiza hata binadamu.

Kabla ya safari ya kwanza

Mtoto wa mbwa asikanyage ufukwe kabla ya wiki 16 na kabla ya kumaliza chanjo za parvo, distempa na leptospira. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Subiri mwezi mmoja baada ya chanjo ya kwanza ndipo umtoe kwenye watu. Piga picha kadi ya chanjo uiweke kwenye simu, maana akimparura mtu hiyo ndiyo itakayotuliza mambo. Mtu aking'atwa au kuparurwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kadi iwepo au isiwepo.

Mbwa awe anajua amri mbili: kuja akiitwa, na kutema alichokishika mdomoni. Kiswahili au Kiingereza si kitu, ila nyumba nzima itumie neno lilelile. Nyumba nyingi za hapa anayeishi na mbwa kwa kweli ni mlinzi au kijana wa kazi, baba mwenye nyumba anamwona jioni tu. Kama ni hivyo, nenda na huyo kijana. Mbwa atamsikiliza yeye, wewe utakuwa mbeba madumu.

Minyororo ya chuma tunayofungia getini haifai baharini: ni mizito, inazama, inanasa kwenye mwamba, inakula kutu. Nunua mkanda wa kifuani wenye mpini mgongoni, ili umnyanyue bila kumkaba shingo, na kamba ya plastiki inayoelea, unene wa milimita 8 hadi 10, urefu wa mita 10. Zipo kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Usiizungushe mkononi, mbwa wa kilo 35 akiruka wimbi itakukata vidole. Fundo moja mwishoni na jingine katikati vinatosha kukupa pa kushikia.

Maji ya kunywa kwa mbwa wa kilo 25 yawe lita 2, na ya kumsuuza lita 10, yaani madumu mawili ya lita 5. Ongeza bakuli, taulo mbili kuukuu, mifuko ya kinyesi, kibano, pamba, bandeji na iodini. Mpira wa kuchezea uwe wa kuelea na laini ndani na nje. Mpira wa tenisi unashika mchanga na kusaga meno kama msasa.

Usafiri: daladala na bodaboda sahau. Dereva wa bajaji au teksi mpigie kabla hajafika umwambie kuna mbwa, na tandika shuka lako mwenyewe kwenda na kurudi.

Majini

Usimtupe. Mbwa aliyetupwa majini mara moja anaweza asirudi tena kwa hiari. Ingia wewe kwanza mpaka magotini, kamba ikiwa imelegea, umwache aje. Dakika 5 za kwanza maji yasizidi kifua chake. Akianza kuelea, utaona miguu ya mbele inapiga maji juu kwa fujo na nyuma inazama. Weka kiganja chini ya tumbo karibu na mapaja, umnyanyue kidogo mpaka mgongo ulale sawa. Akishapata ulinganifu huo miguu ya nyuma huanza kufanya kazi yenyewe. Jumla ya dakika 10 majini inatosha siku ya kwanza, kwa vipindi vya dakika 2 au 3. Kuogelea kunachosha kuliko kukimbia, na mbwa mwenye furaha hasemi kwamba amechoka. Dalili ni matako kuanza kuzama na kichwa kunyanyuka juu sana.

Mpira urushe sambamba na ufukwe, kamwe usiurushe kuelekea bahari kuu, na usiurushe kwenye mchanga mkavu. Anapoudaka mchangani anameza mchanga kila mara, na mchanga ukikusanyika huziba utumbo. Mkondo ukimchukua, usimfuate kwa kuogelea. Vuta kwa kamba kwa mshazari, huku ukitembea ufukweni upande ule maji yanakokwenda na kumwita.

Kila dakika 15 mtoe anywe maji baridi, mililita 150 hivi, si bakuli zima, maana atatapika. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Mafunda machache humletea kuharisha maji matupu ndani ya saa chache, kunakoisha kwenyewe akipewa maji kidogokidogo. Akinywa mengi hutapika, hulegea, hutetemeka, na mwisho hupata degedege. Akitapika zaidi ya mara mbili au akayumba, ni daktari wa mifugo, si kesho.

Sasa sababu ya kuepuka diko. Wavuvi wakichambua samaki huwatupa mchangani wale wasiouzika, na miongoni mwao ni bunju, yule anayevimba kama mpira. Sumu yake iko kwenye ini, mayai na ngozi, haiishi kwa kukauka juani wala kwa kupikwa, na haina dawa ya kuipinga. Mbwa aliyemtafuna huanza kutoa udenda, kutapika na kulegea miguu ya nyuma, wakati mwingine ndani ya dakika chache, wakati mwingine baada ya saa kadhaa, kisha misuli ya kupumua inagoma. Mtoe samaki mdomoni, mtie samaki huyo kwenye mfuko ili daktari amwone, na mkimbize mbwa kliniki hata kama bado anatikisa mkia. Anachoweza kufanya daktari ni kumsaidia apumue mpaka sumu iishe, na hilo linahitaji muda. Usimtapishe kwa chumvi au mafuta.

Wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano wako kwenye mwamba maji yakikupwa. Mwiba uliojitokeza utoe kwa kibano kwa kufuata mwelekeo ulioingilia. Uliozama usiuchimbe, hasa karibu na kiungo. Konyeza, yule kiumbe wa baharini laini kama jeli mwenye nyuzi zinazowasha, akimgusa, suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi zake kwa kijiti au kadi, na usimwachie mbwa alambe.

Joto likimzidi utaliona kabla ya kupima: ulimi mrefu na mpana, udenda mzito, ufizi mwekundu sana, hatua za mlevi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mpoze kwanza, safari baadaye. Mpeleke kivulini au kwenye maji ya kina kifupi, mmwagie maji mfululizo mwili mzima, mpepee. Taulo lenye maji usimfunike nalo ukaliacha, linageuka blanketi. Akianza kuhema kwa utulivu acha kumwagia, mpakie, fungua madirisha, nenda kliniki.

Kinyesi

Kufukia mchangani ni vibaya kuliko kuacha juu. Kinyesi cha mbwa mwenye minyoo ya safura kina mayai yanayoanguliwa ndani ya siku moja au mbili kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, na baada ya wiki moja hivi viluwiluwi vyake vinaweza kupenya ngozi ya mtu anayetembea peku. Ndiyo ule muwasho unaochora mstari mwekundu unaotambaa kwenye nyayo za watoto baada ya siku ya ufukweni. Mahali pabaya zaidi ni chini ya mivinje, juu ya alama ya maji kujaa, ambapo bahari haifiki kusafisha na familia ndipo hutandika mikeka. Okota kwa mfuko pamoja na mchanga wa chini yake, funga, ondoka nao. Dawa ya minyoo kila miezi 3, na si pale tu unapoona minyoo.

Siku ambazo bahari haifai

Mvua, bamvua mbaya, au joto la Februari: beseni kubwa au kidimbwi cha plastiki cha watoto uani, maji sentimita 20 hadi 30, chini ya mwembe. Tandika chini kipande cha mkeka wa mpira, kwa sababu mbwa anayeteleza hatarudi. Rusha vipande vya barafu aviwinde. Mwaga maji hayo jioni ileile na ugeuze beseni kifudifudi. Mbu wa dengue, iliyolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, huhitaji siku 7 hadi 10 tu za maji yaliyotulia kutoka yai hadi kuruka.

Mkirudi

Msuuze kabla chumvi haijakauka. Anza shingoni chini ya mkanda, kwapa, tumbo, kati ya vidole. Hapo ndipo chumvi na mchanga huchubua na kuanzisha vidonda vyenye majimaji. Mkaushe kabisa kabla hajalala. Asilale akiwa na maji kwenye mchanga wa kivulini alipokojoa jana, kwani nzi wa funza hutaga hapo na wiki inayofuata utaona vijipu vyenye tundu katikati. Taulo zake zianike juani, kisha zipige pasi. Kagua kupe kwenye masikio na kati ya vidole, hasa kama mlipita majanini.

Masikio yafute kwa pamba iliyozungushwa kidoleni, mpaka pale kidole kinapofika na si zaidi. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani. Kwa siku 3 zinazofuata yanuse: harufu ya chachu, kutikisa kichwa au kujikuna upande mmoja kunahitaji daktari, si mafuta ya nazi. Na mkia ukilegea kama umevunjika asubuhi ya pili, akalia ukiugusa, kwa kawaida ni misuli ya mkia iliyochoka kwa kuogelea. Hupona kwa mapumziko ya siku chache. Usimpe panadol wala diklofenaki ya nyumbani, zote mbili zinaweza kumuua. Mkia ukibaki hivyo zaidi ya wiki, mpeleke akapigwe picha.